Tumehamia na mbuzi

Shoga zangu, nimekamatwa. Wiki iliyopita wa Maskati kampigia wa Likoni, wa Likoni kampigia wa Bukoba, mkakaa watatu mkalinganisha habari nilizompa kila mmoja kwa wakati wake, na habari zenyewe hazikufanana hata kwa bahati mbaya. Wa Maskati nilimwambia nyumba imekwisha na nalala usingizi wa pono. Wa Likoni nilimpigia usiku mmoja wa mwezi wa saba nalia, nikamwambia kesho alfajiri nakwea basi narudi Tanga na wanangu. Wa Bukoba, kwa kuwa hana subira ya kusikiliza sauti ndefu, nilimtumia picha ya zabibu na neno moja: karibu.

Sasa mnauliza ipi ya kweli. Zote za kweli, ila kila moja ina siku yake. Hiyo ya nyumba kwisha peke yake ndiyo nilitia chumvi, na nitaieleza. Basi naandika mara moja, msome wote, asiwepo wa kusema yeye kafichwa.

Kwa mnaopita hapa bila kunijua: mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa shule ya msingi, mzaliwa wa Tanga, Ngamiani, kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba. Tulikuwa wanne chuo cha ualimu, chumba kimoja, sufuria moja, na pasi moja ya mkaa iliyounguza sketi zetu zote kwa zamu. Leo mmoja yuko Maskati, mmoja kaolewa Likoni na kila asubuhi anavuka feri, mmoja kwao Bukoba. Na mimi tangu mwishoni mwa Juni mwaka jana niko Dodoma, upande wa Nzuguni, mbele kidogo ya stendi kuu ya mabasi.

Nimefuata mume. Serikali iliamua kuhamia Dodoma mwaka 1973, mimi sijazaliwa, ikawa inahamia, inahamia, zaidi ya miaka arobaini inahamia, hata watu wakaona ni hadithi kama zile za sungura. Mpaka Julai 2016 Rais Magufuli aliposema safari hii ni kweli, ndipo mafaili yakaanza kupakiwa. Baba watoto ni mtu wa masijala. Yalipo mafaili naye yupo. Zamani alikuwa Dar, anakuja Tanga kila baada ya wiki mbili na mkate mkononi. Walipomhamishia huku tukawa tunamwona kwa msimu, kama maembe. Sasa ofisi yao iko Mji wa Serikali, Mtumba. Na wewe wa Likoni usijifanye umesahau: nilipokwambia "mume wangu yuko Mtumba" ulinyamaza kidogo, halafu ukaniuliza kwa upole, kama mtu anayetoa pole ya msiba, amefukuzwa lini serikalini na biashara ya nguo inalipa?

Mimi nilibaki nyuma kwa sababu ya barua. Niliomba uhamisho wa kumfuata mwenza, nikaambatisha cheti cha ndoa, nikaambatisha kila kilichotakiwa na ambacho hakikutakiwa. Barua ikaenda ikalala kwenye ofisi moja nisiyoitaja. Ililala mpaka mwanangu wa mwisho akaanza darasa la kwanza, akajua kusoma, akaisoma nakala yake mwenyewe kwa sauti mezani: "Yah: ku-ha-mi-a Do-do-ma." Akaniuliza, "Mama, 'Yah' ndiyo nani?"

Ilipojibiwa nilipewa siku chache tu. Tukakodi fuso. Mama yangu akaja usiku wa kufunga mizigo, akanipa masharti: kitakachoingia ndani kwanza ni msahafu, kisha chumvi, kisha mchele, ndipo miguu ya watu. Na akanikabidhi mbuzi ya marehemu bibi. Ile ya kukunia nazi, mbao ya mvule iliyong'aa kwa miaka ya kukaliwa, chuma chake kimeliwa lakini meno bado yanauma. Nikamwambia mama, Dodoma hakuna minazi. Akasema, "Ndiyo maana nakupa. Pasipo na mnazi ndipo mtu husahau."

Sikubishana naye. Nikaiweka mbele ya gari, miguuni kwangu, pamoja na kifumbu cha kuchujia tui. Segera, Chalinze, Morogoro, Dumila, Gairo, Kibaigwa. Kabati la vyombo lilipoteza kioo kabla ya Chalinze. Samadari ya mama mkwe ilifika na miguu mitatu, wa nne tukaupata chini ya magodoro. Gairo usiku ule ilikuwa baridi ambayo sisi watu wa pwani tunaijua kwa kusimuliwa tu, na dereva alitununulia chai kwa huruma baada ya kuona tumejifunika mkeka.

Nyumba sasa. Mume wangu alikuwa ameijenga kwa awamu, kama wanavyojenga watumishi wote: mwaka huu msingi, mwaka ujao boma, boma likakaa miaka miwili bila bati mpaka jogoo wa jirani wakalifanya lao. Tulipoingia palikuwa na bati, madirisha yenye grili, na mlango wa mbele. Basi. Hakuna siling. Hakuna plasta vyumba viwili. Milango ya ndani ni mapazia. Choo kipo, maji yake yako kwenye ndoo. Nilisimama sebuleni nikatazama juu, nikaona mbao na mabati na popo mmoja aliyenitazama kana kwamba mimi ndiye niliyekosea njia. Baba watoto akacheka ile ya aibu, akasema, "Nyumba haiishi, wanaokwisha ni wenye nyumba." Ndiyo, wa Maskati, hiyo ndiyo nyumba niliyokwambia imekwisha. Wewe ulikuwa umenitumia picha ya jiko lako lenye marumaru, ulitaka nijibu nini?

Ya mbuzi ilitokea siku ya pili. Mwanangu wa mwisho alitoka nje ya geti. Nasema geti, lakini zilikuwa nguzo mbili na kipande cha bati kilichofungwa kwa waya. Akakutana na mtoto wa nyumba ya pili, ile yenye geti la kijani, wakaanza kuhojiana kama watoto wanavyohojiana: mmetoka wapi, una mpira, mna nini. Wangu, kwa kutaka sifa, akasema, "Tumekuja na mbuzi kutoka Tanga."

"Mkubwa?"

"Eeh."

"Mmemfunga wapi?"

"Jikoni."

Mwenzake akaondoka mbio. Magharibi bati letu likagongwa. Nje wamesimama watoto wawili, yule na dada yake, wamebeba mabua ya mahindi makavu mzigo mzima, yanawapita urefu. Dada akanipa shikamoo, akasema kwa adabu, "Mama ametutuma. Anasema mbuzi wenu ametoka safari ndefu, na kiangazi hiki nyie wageni hamtajua pa kupata malisho. Na anasema mbuzi hafai kulala jikoni, kuna banda kwetu."

Nikauliza mbuzi gani. Mwanangu nyuma yangu akaanza kurudi kinyumenyume.

Jamani, ngeli! Miaka kumi na tano nafundisha ngeli za nomino, na mtoto wangu wa kumzaa anashindwa kusema "mbuzi yetu" amwokoe mwenzake na kubeba mabua. Ingawa kwa haki, huku nimewasikia hata watu wazima wanasema "mbuzi yangu" na ana kwato nne, kwa hiyo labda ngeli nayo isingetusaidia.

Niliwaingiza jikoni nikawaonyesha. Wakaizunguka. Wakaondoka bila kusema, na baada ya dakika tano akaja mama yao mwenyewe, kitenge kifuani, kicheko kimemtangulia getini. Ndiyo mara ya kwanza kuonana. "Mbukwenyi," akasema, nami sikujua kuitikia, nikasema "karibu." Akaiangalia mbuzi, akauliza kama ni kigoda cha mgeni, akataka kuikalia vibaya, nikamdaka mkono kabla meno hayajamfika. Tukacheka mpaka popo akahama. Mabua sikuyarudisha, ingekuwa ufidhuli. Nilikuwa nawashia mkaa kwa wiki mbili.

Sasa ya usiku ule wa mwezi wa saba. Nilikuwa sijui kwamba Dodoma ina upepo. Niliijua ina ukame, ina vumbi, ina Bunge. Upepo hakunitajia mtu. Unaanza saa za usiku, unatoka kwenye uwanda, hauna mti mwingi wa kuuzuia, unakuja moja kwa moja mpaka kwenye bati lako ambalo halina siling chini yake. Bati linapiga kama ngoma isiyojua wimbo. Vumbi jekundu linaingia penye tundu na pasipo na tundu. Asubuhi unafunua chungu cha maharage uliyoyafunika mwenyewe, kuna vumbi. Na baridi juu yake, maana tuko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na mimi nimekuja na shuka za Ngamiani.

Baba watoto alikuwa safari ya kikazi. Mwanangu wa mwisho anakohoa. Maji yalikuwa hayajatoka siku ya nne, simtanki linalia tupu. Na punda mmoja, wale wanaovuta mikokoteni ya madumu, akaanza kulia saa tisa ya usiku kama aliyefiwa. Hapo ndipo nikampigia wa Likoni. Mwenzangu, hukuniambia nivumilie, na nakushukuru kwa hilo. Ulisikiliza, ukafungua dirisha, ukaweka simu nje. Nikasikia honi ya feri. Tukakaa hivyo, wewe Likoni mimi Nzuguni, hakuna anayesema kitu, mpaka salio likaisha.

Asubuhi sikupanda basi kwa sababu ya kipuuzi: nilikuwa nimeloweka nguo kwenye maji ya mwisho na nisingeweza kusafiri na nguo mbichi.

Maji ya huku niwaambieni kabisa. Ni mazito. Sabuni inagoma kutoa povu, na birika langu baada ya mwezi lilikuwa na gamba jeupe ndani kama chokaa ya msikiti wa kale. Chai inakuwa na ladha ya kwake. Nilikuwa nayalaumu majani ya chai, naulaumu mkaa, kumbe maji. Sasa tumeweka simtanki la pili, lita 2,000, na maji yakitoka, hata kama ni saa nane usiku, nyumba nzima inaamka kama daku. Watoto wangu wanajua sauti ya bomba linapovuta pumzi kabla ya kutapika. Watoto wa Tanga walikuwa wanajua honi ya muuza koni.

Lakini kilichokuwa kinanisumbua zaidi ya upepo na maji sikumwambia hata mmoja wenu, kwa sababu nilikuwa sijakijua jina. Kilikuwa hiki: hakuna aliyekuwa ananiomba kitu.

Nyie mnajua Ngamiani. Mlango haukai. Naomba ndimu moja. Niazime kifumbu. Una chenji ya elfu kumi? Mama anasema umpe pilipili, na uje umwone, ana maneno. Mchana kutwa unatoa na kupokea, na nusu ya siku unalalamika kwamba watu wa barabara hii hawakupi nafasi ya kukaa. Huku majirani walikuwa wananiletea tu. Geti la kijani kaleta karanga. Nyumba ya mbele, mzee mstaafu wa reli, kaleta madumu mawili ya maji siku ya tano. Bibi wa kona kaleta mlenda uliokaushwa na kusagwa, unga wa kijani kwenye kopo la maziwa, akanieleza unavyokorogwa. (Mlenda si mgeni kwangu, bibi yangu mzaa baba ni Mzigua. Ila huu wa kuweka akiba mpaka kiangazi nilikuwa siujui, na kwa ugali wa uwele, wallahi, wanangu wanaugombania.) Wanaleta, nashukuru, wanaondoka. Nami nikileta visheti wanapokea kwa mikono miwili, wananirudishia sahani ina kitu. Hesabu imefungwa. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ndivyo tunavyosema. Mimi nilikuwa mwezi wa tatu nangoja jembe.

Shuleni ilikuwa afadhali, kwa kuwa watoto hawana adabu ya kukuacha mgeni. Nina darasa la tano lenye watoto 96. Wiki ya kwanza walikuwa wananiigiza ninavyoongea, mmoja mrefu wa nyuma ananiweza hasa, anaivuta "jamani" mpaka naiona Raskazone ya kwetu Tanga. Nikamwambia mtoto aniletee kata ya maji. Akaenda, akarudi, akasema mwalimu, kata yetu ni Nzuguni, nikulete vipi maji yake yote? Kata, ile ya kifuu ya kuchotea maji, hawaijui. Upawa hawaujui. Kifuu hawakijui. Ni haki yao, pasipo nazi vyote hivyo vinatoka wapi? Lakini vitabu vimejaa nazi. Tukafika kwenye methali, "Nazi mbovu harabu ya nzima," nikaeleza, nikaandika ubaoni, wakanakili. Msichana mmoja akanyoosha kidole: "Mwalimu, nazi inaozaje?" Nikaanza kujibu nikaona najibu upepo. Wengi wao hawajapata kuona nazi iliyopasuliwa.

Jumamosi nikaenda soko la Majengo. Nazi moja shilingi 2,000, nyie! Kwetu kwa hela hiyo unabeba tatu na matusi juu. Nikanunua nne, nikachagua moja kwa makusudi iliyokuwa haina sauti ya maji ndani, muuzaji akanionya kwamba hiyo mbovu, nikamwambia ndiyo ninayoitaka, akaniangalia. Jumatatu nikaenda shule na mbuzi begani. Mwalimu mkuu aliniangalia na yeye.

Nikapasua nazi kwa mgongo wa panga, maji tukayapokea kwenye bakuli. Ile mbovu ilipopasuka, harufu ikafika dawati la mwisho, na methali ikaeleweka bila mimi kufungua kinywa. Kisha nikakaa juu ya mbuzi mbele ya watoto 96 nikakuna. Kimya hicho sijapata kukipata kwa fimbo wala kwa peremende. Kila mmoja akapata machicha kiasi cha kucha. Mmoja akasema inafanana na karanga mbichi. Mrefu wa nyuma akasema ingekuwa tamu kama ingekuwa na sukari, ambayo ni hoja. Halafu nikataka kuendelea na methali inayofuata, "Mbuyu ulianza kama mchicha," na hapo nikanyang'anywa kazi. Walinieleza wao. Mbuyu mchanga hauufahamu kwa kuutazama, mwalimu, majani yake siyo yale ya mkubwa, unaweza kuung'oa ukidhani ni gugu. Mmoja alikuwa ameung'oa na babu yake akamchapa. Miaka kumi na tano nimefundisha methali hiyo Tanga kwa kuchora ubaoni.

Mibuyu, ndiyo. Kiwanja cha nyuma yetu hakijajengwa, katikati yake umesimama mmoja ambao sisi watano tukishikana mikono hatuumalizi. Mwanangu alipoambiwa ndio unaotoa ubuyu alikataa katakata. Ubuyu anaoujua yeye ni mwekundu, una sukari na iliki, unauzwa kwenye karatasi na unatia ulimi rangi. Kumbe tumeula utotoni kwetu kote, kumbe mwingi unatoka huku. Na huku majani yake ni mboga. Nimekula. Wa Bukoba, usinune, wewe unakula senene.

Zabibu zilikuwa mwezi wa tisa. Wanazipanga barabarani kwenye mabeseni, nyeusi zenye ukungu juu, nikanunua nyingi kwa furaha ya ushamba na tukaumwa matumbo. Hiyo ndiyo picha niliyokutumia, kabla ya matumbo.

Mwezi wa kumi na moja mama alikuja. Basi mpaka Dar, na kutoka Dar treni ya umeme, hii iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024, mwendo wa kama saa nne hivi umefika. Amezoea kuniona mimi ndiye ninayemsimulia mambo, safari hii alinisimulia yeye wiki nzima. Walipoingia kwenye mahandaki ya Kilosa giza likashuka ghafla mchana kweupe, akasoma Ayatul Kursiy kwa sauti, na kijana aliyekaa kando yake, ambaye yeye alimdhania si mwenzetu, akamalizia naye. Mama alikagua nyumba. Akauliza kama chumvi ilitangulia. Nikasema ilitangulia. Akafukiza udi chumba kwa chumba, tukasoma dua, majirani wakaja wote, Waislamu na Wakristo, bibi wa kona akauliza ule moshi unauzwa wapi. Tukapika wali wa nazi na perege wa Mtera, kwa nazi zile za Majengo, na mama akakuna mwenyewe, hakumwachia mtu. Geti la kijani alikuwa amesimama nyuma yake muda wote anatazama mikono.

Kisha mvua. Huku hakuna vuli na masika, ni msimu mmoja tu, Desemba mpaka Aprili, ikikupita imekupita. Kwa hiyo siku inapoanguka mtaa mzima unapagawa. Ilinyesha usiku, alfajiri nasikia bati langu linagongwa (tumeshaweka geti la kweli, lakini mazoea), nikatoka na kanga. Geti la kijani huyo, miguu peku, matope mpaka magotini, jembe moja begani na jingine mkononi. Hakusalimia. "Mwalimu, unalala na ardhi imelowa? Hapo pembeni ya ukuta panakaa mahindi mistari mitano, na karanga huku. Shika."

Nikashika. Jembe kweli, la mpini. Sikumweleza nilichokuwa nacheka, angeona nimechanganyikiwa. Tulilima mpaka saa tatu, na mikono yangu ya chaki ikatoa malengelenge. Sasa hivi mahindi yananifika kiunoni.

Basi hizo ndizo habari. Siling bado, plasta chumba kimoja bado, popo karudi. Bahari nina hamu nayo, sifichi, hasa Ijumaa alasiri, sijui kwa nini Ijumaa. Lakini mje. Mkija kwa treni, mje mchana mwone mahandaki. Wa Maskati ulete halua, wa Bukoba ulete senene wako uwale mwenyewe, wa Likoni usilete kitu, wewe njoo. Na kila mmoja aje na nazi mbili kwenye begi, maana hapa

Nimekatizwa, geti limegongwa. Ni yule mtoto wa geti la kijani. Kwao wana wageni kutoka Kongwa leo, mama yake yuko jikoni tangu asubuhi, na nazi kaagiza mwenyewe Majengo.

"Shikamoo mwalimu. Mama anaomba umuazime mbuzi."

Nikamtazama bila kusema kitu, nione.

"Ile," akasema, "isiyokula majani."